Fundi Cherehani, Yambe

Niliitwa Aprili, mwezi ambao hata bata wa Ngamiani
hujibanza barazani wakingoja ianuke.
Ujumbe ulikuwa mfupi: Njoo na mafuta. Cherehani imekufa.
Nikatia bisibisi kwenye mfuko wa rambo,
mfuko ndani ya mfuko, mfuko ndani ya shati,
na pale Mwambani Mhando akanifunika turubai
kama gunia la unga. Akasema:
Wewe ukilowa utakauka. Mashine ya boti ikilowa, tutalala majini.

Kisiwa sikukiona. Nilikisikia.
Matone juu ya mikoko,
kisha matone juu ya makuti,
kisha juu ya bati. Hapo nikajua pana nyumba.

Bi Mwanakheri hakunipa mkono, alinipa kanga kavu,
nadhani ya mwisho iliyo kavu Yambe nzima.
Kuni zilikuwa zinalia mekoni. Chumvi imekuwa uji.
Viatu vyangu, usiku mmoja tu, vikaota ndevu nyeupe.
Majongoo walipita ukumbini kama wenye nyumba,
na mjukuu wake, Sijaona, akiwahesabu kwa kijiti
mpaka ishirini, halafu anaanza upya
kwa sababu hapo ndipo shule yake ilipofikia.

Nikaifungua. Kipepeo wa dhahabu ubavuni
amebakiwa na bawa moja.
Ndani kutu, mchanga, ganda la yai la mjusi,
na kipande cha uzi wa samawati kilichonasa kwenye bobini.
Nikakivuta nikitupe.
"Hicho nipe," akasema, akakifunga pembeni mwa leso
pale watu wanapofunga hela.

Siku ya pili mvua. Ya tatu mvua.
Ipo ya rasharasha, inayopita kukujulia hali,
na ipo hii ya Yambe, ambayo hainyeshi, inahamia:
inaingia na virago vyake, inachagua chumba.

Nilisugua meno ya gurudumu, moja moja, kwa majivu na mafuta ya taa.
Yeye alichambua kisamvu, akinipa habari
kama mtu anayelipa deni kwa sarafu.
Kwamba Mize alishona usiku.
Kwamba kanzu zote za chuoni, hata ya mwalimu, ni mkono wa Mize.
Kwamba alivushwa kwenda Tanga kujifungua,
mwezi kama huu, bahari kama hii,
na aliyerudi ni huyu...
Akachambua jani moja mara mbili.

Jioni ya nne gurudumu likakubali.
Nikaomba kitambaa, hata tambara, niijaribu.
"Sina cha kushona, mwanangu. Wala macho sina.
Nataka tu usiku mvua ikipiga bati
pawe na kitu humu ndani kinachoijibu."

Basi nikazungusha bila uzi, bila nguo,
taka taka taka taka,
sindano ikipanda, ikishuka, ikishona upepo.
Kumbikumbi wakavua mbawa zao chini ya kandili.
Bi Mwanakheri alitazama ukuta.
Sijaona akasimama, kijiti mkononi:
"Bibi, nani huyo anakimbia?"

Hakuna aliyemjibu. Nami sikuacha kuzungusha,
mkono ukaniuma hadi bega, sikuacha.

Nililipwa jogoo, kafungwa miguu,
akaniambukiza chafya kuanzia Yambe mpaka Mwambani.
Nyumbani nikafungua daftari la kazi.
Mahali: Yambe. Kifaa: cherehani ya mkono, moja.
Kwenye kasoro nikakaa sana na kalamu.
Nikaandika "kutu", nikafuta.
Karatasi ilikuwa na unyevu bado, wino ukatambaa,
ukavuka mstari, ukaingia kwa mteja wa pili,
mzee Shekilindi wa Barabara ya Kumi na Mbili,
ambaye zipu zake hazina neno lolote na mvua.